Tunda Lenye Vidole

4 Machi

Kaka yangu,

Naanza kwa salamu kama tulivyofundishwa. U hali gani huko mahabusu? Wamekupa blanketi? Na kifua chako je, kile kinachobana kukiwa na vumbi? Sisi huku tunapumua. Mkubwa ana mafua, kichanga ananyonya kama anakimbizwa. Hata sasa yuko titi la kushoto, naandika kwa mkono wa kulia juu ya mfuniko wa ndoo, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Shemeji yako yuko hai. Nakuambia hilo kwanza, maana najua huko hakuna atakayekuambia. Taya limevunjika mahali pawili, wamelifunga kwa waya. Meno matano yamekwenda. Jicho la kushoto daktari anasema tusubiri, na anavyolisema hilo "tusubiri" anaangalia dirishani.

Kaka, kwa nini?

Ulibisha hodi saa tano asubuhi, nikaitikia karibu, nimeinamia beseni nafua nepi. Ukaniangalia. Nikakutania, "Mbona umeganda mlangoni kama nguzo ya umeme?" Shemeji yako alikuwa sakafuni anakaza skrubu za kitanda cha mtoto, akasema, "Shemeji, hebu nishikie hapa." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa mdomo mzima. Ulitoa spana kubwa ya bomba kwenye mkoba wako wa kazi ukampiga. Akaanguka, ukampiga. Nikakushika kiuno, ukanitupa ukutani, ukarudi kumpiga. Nilihesabu hadi tisa, halafu sikuhesabu tena. Ile sauti, kaka. Kama mtu anayevunja matawi mabichi, yasiyotaka kukatika.

Na mkubwa amesimama palepale na kikombe chake mkononi. Tangu siku hiyo hasemi neno. Anachukua kijiko, anampiga mwanasesere wake kichwani, polepole, bila hasira, kama mtu aliye kazini.

Askari wa kike aliniambia niinue kidevu, akanipiga picha mbili. Nilidhani ni damu iliyonirukia. Mama naye kaja, ananitazama shingo, analia, anasema, "Mwanangu, wewe waambie ukweli tu, usimwogope mtu." Ukweli upi? Nikimuuliza anajifunika uso kwa mtandio.

Basi niambie wewe. Barua hii hata wakiisoma, waisome. Sijaandika uongo.

Mdogo wako,
Sisimizi

*

6 Machi

Sisimizi,

Salamu. Mimi mzima, kifua kinabana kidogo, jino moja limelegea, mwenzangu wa hapa ana hali mbaya zaidi yangu. Nibusie wanao. Barua hii inatoka kwa mkono wa mtu aliyepata dhamana, isome peke yako.

Unaniuliza kwa nini! Shingo uliivaa wewe, mimi niliiona tu. Vidole vinne upande wa kushoto, gumba upande wa kulia. Bluu ya kuiva. Hata nafasi kati ya kidole na kidole ilionekana. Na yeye kakaa chini anakaza skrubu, ananiita shemeji.

Wewe ulikuwa mchanga, hujui. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa akimkaba mama kwa mkono mmoja, mkono wa pili anakunywa chai. Sitii chumvi, alikuwa anakunywa chai. Kesho yake mama anajifunga mtandio hadi kidevuni na anatupa maandazi kama kawaida, na mimi nauangalia mtandio ukishuka kidogo, ile bluu inatoka, halafu nakula. Miaka minne nilikula hivyo. Nikaapa kwamba nikija kuiona tena ile bluu kwenye shingo ya mtu wangu, sitakula. Na huyu najua ameshakupiga kibao mwaka jana ukiwa na mimba, usinifiche, jirani yako aliniambia.

Sasa nisikilize. Utasimama kwa hakimu useme alikukaba. Picha wanazo. Wakili wa bure niliyepewa anasema hiyo ndiyo kamba yangu pekee. Ukisema vingine utakuwa umenizika kwa mikono yako, mimi niliyekubeba mgongoni hadi ukajua kutembea.

Kaka yako

*

9 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Natumai jino limetulia. Usilichezee kwa ulimi, ndiyo tabia yako. Kichanga ameota jino la kwanza na ameanza kwa kuning'ata mimi. Shemeji yako amefanyiwa upasuaji wa pili.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Halafu nikamwekea mtoto mto, nikaazima kioo cha jirani, nikatoka nacho uani kwenye jua. Kaka, nilikaa chini.

Unajua ninafanya kazi kwenye kile kiwanda kidogo nyuma ya ghala la mbao, lakini hujawahi kuniuliza tunatengeneza nini. Tunatengeneza bluu. Bluu ya peremende na ya keki, isiyo ya sumu. Inatoka kwenye tunda, bichi, la kijani, kama ngumi ya mtoto. Tunalikuna, tunalikamua, na maji yake hayana rangi. Ukimwagikiwa utadhani ni maji ya bomba. Unajifuta, unakwenda nyumbani, unalala. Kesho yake palipomwagikia pameanza kuwa na kivuli, kesho kutwa pana bluu ya wino, na usugue kwa sabuni, kwa mchanga, kwa jiwe, haitoki mpaka ngozi yenyewe ichoke, wiki mbili hivi. Tunaliita Mnafiki. Mgeni akija kazini wanamwambia, "Nawa uso, mpendwa, maji haya ni mazuri kwa chunusi." Mimi mwenyewe nilitembea na masharubu siku kumi.

Alhamisi kabla ya siku uliyokuja, glavu yangu ya kulia ilichanika. Ilibidi niache kazi nikachukue nyingine, ndiyo kanuni, lakini stoo iko mbali na mgongo ulikuwa unawaka, nilikuwa nimeamka na mtoto mara tano. Nikaendelea kukuna. Shingo ikakaza. Nikajishika shingo kwa kiganja kilicholowa, nikabana, nikajikanda kwa nguvu, hivi, gumba huku na vidole kule. Basi. Jumamosi asubuhi shemeji yako aliniambia, "Una doa shingoni, kazi yenu hiyo." Sikuangalia hata. Nani ana muda wa kujiangalia shingo?

Leo madoa yameanza kubanduka kama ngozi ya mjusi. Niliweka kiganja changu juu yake mbele ya kioo. Kidole juu ya kidole. Gumba juu ya gumba. Na kiganja chenyewe, kaka, bado ni cha bluu. Siku ile kilikuwa cha bluu kama kopo la rangi, kimo ndani ya beseni la nepi. Ungenishika mkono tu. Ungesema, "Sisimizi, toa mkono huo majini nikusalimie." Ulishindwa kunishika mkono?

Kibao ni kweli. Nitakisema mwenyewe kwa hakimu, mbele yake. Lakini kukabwa sitasema. Hakunikaba.

Ulinibeba mgongoni, sijasahau. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza, kabla ya polisi.

Mdogo wako,
Sisimizi

*

2 Aprili

Kaka,

Salamu. Wiki tatu hujajibu. Kama unaumwa, mwambie yeyote aandike neno moja, "mzima", nitalala.

Huku mambo yameharibika. Nilikwenda kituoni nikaeleza habari ya tunda. Yule askari wa kike aliandika, akauliza, "Unamtetea mume au kaka?" Nikamjibu, "Ninaitetea shingo yangu, ni ya kwangu." Mama alipopata habari alinifuata hospitali, na pale kwenye korido, mbele ya wagonjwa, akanipiga kofi mkoba ukaniponyoka. "Mwanangu wa kiume anaoza ndani, wewe unaleta hadithi za matunda!" Nikamwuliza, "Mama, ya kwako yalikuwa matunda?" Akanipiga la pili. Hilo nililistahili.

Ndugu zake shemeji yako nao wametoka na lao. Walikuja watatu nyumbani kwa mama Jumapili mchana, wakavunja mlango kwa shoka, wakavunja sahani zote, redio, wakampasua mbwa kichwa. Walikuwa wanatafuta mikono yako, ndivyo walivyosema: "Kama mwenyewe hayupo tutachukua ya mama yake, ndiyo iliyomlea." Nilisimama mlangoni na kichanga kifuani. Mkubwa wao akainua shoka. Nikamwambia, "Shemeji, pita hapa, lakini utaanza na mtoto wa kaka yako." Alishusha. Nilijikojolea, kaka, nakuambia wewe tu.

Shemeji yako taya halijafunguka. Anaandika kwenye daftari. Jana kaandika: *Akitoka nitamuua.* Nikamnyang'anya kalamu. Jicho limekufa.

Kiwandani tunaye mkemia wetu, tunamwita Mama Chupa, hatembei bila chupa mfukoni. Nilimweleza yote. Akasema bluu ndiyo rangi inayodanganya kuliko zote. Kipepeo wa bluu, anasema, hana bluu. Bawa lake lina magamba madogo yaliyopangwa kama vibao vya dirisha, yanarudisha mwanga wa bluu na kuumeza mwingine. Ukilisaga unabaki na unga wa kahawia. Unyoya wa ndege wa bluu, vilevile. Hata ile ya mama, damu iliyovilia, haikuwa bluu. Damu ni nyekundu iliyokolea; ngozi iliyo juu yake ndiyo inayochuja mwanga na kukurudishia bluu machoni. Wanaoitengeneza kweli ni wachache, na tunda letu ni mmojawapo, na lenyewe peke yake haliwezi. Linasubiri liguse nyama, ndipo lishikane na kitu kilichomo ndani ya ngozi yako, bluu izaliwe. "Nusu tunda, nusu wewe," alisema.

Nimelifikiria hilo nikiwa nakuna. Nakuuliza, kaka: ile uliyoiona, nusu ilikuwa ya nani?

Kesi ni tarehe 19 Mei.

Mdogo wako

*

11 Aprili

Mama fulani,

Sikuiti mdogo wangu, sijui ninayemwandikia. Nimeshasema mimi mzima.

Barua yako mtu aliisoma juu ya bega langu, mmoja tunamwita Kinyozi, akakichekesha chumba kizima nayo. "Jamani, huyu kamng'oa mtu jicho kwa ajili ya juisi!" Nilimvunja vidole viwili. Vinasikika, usifikiri taya tu ndilo lenye sauti.

Tunda gani lina vidole? Nani anakuandikia haya, yeye na daftari lake? Au ndugu zake wamekushikia shoka kichwani? Kama ni hivyo niambie kwa alama, weka nukta tatu mwisho. Kama si hivyo, basi umemchagua. Mwanamke akikabwa kila siku hufika mahali akaita mkono shali. Mama alikuwa anasema alijigonga kabatini. Kabati lenye gumba!

Nionyeshe. Bila hivyo usiniandikie tena.

*

20 Aprili

Kaka,

Nimefika nyumbani salama. Basi lilichelewa, watoto nilikuwa nimewaacha kwa Mama Chupa. Kidonda changu cha goti ni kidogo, yule mlinzi hakunisukuma kwa ubaya, nadhani alishtuka.

Najua na wewe ulishtuka. Dakika tano za kutembelewa ile Jumamosi, na hukutaka hata kunitazama. Nilisafiri kwa saa sita na matunda mawili ndani ya soksi za mtoto. Nililiponda moja kwa jiwe nje ya lango, kwenye choo cha wageni, nikatia kiganja humo. Walinipekua hadi nywele. Kiganja hawakukipekua, kilikuwa kimelowa tu, nani anaogopa maji?

Ulipokataa kunipa mkono, sikuwa na njia nyingine. Ndiyo, nilikukaba. Kwa nguvu zangu zote zilizobaki, na si nyingi. Niliona macho yako yakitoka. Kwa nukta moja, Mungu anisamehe, nilitaka kuendelea. Kwa ajili ya mkubwa wangu na kijiko chake nilitaka kuendelea.

Halafu wakanivuta.

Leo ni Jumatatu. Ulijitazama?

Mdogo wako, ukitaka usitake

*

27 Aprili

Sisimizi, mdogo wangu,

Watoto hawajambo? Goti limepona? Mimi sijambo mwili.

Sina kioo. Nilioneshwa na wenzangu. Jumatatu asubuhi kwenye foleni ya maji mmoja akasema, "Wee, nani alitaka kukumaliza?" Nikadhani mzaha. Nikainamia ndoo, na ndani ya maji nikamwona mama.

Nilitaka kukuandikia palepale, lakini nikuambie kilichotokea maana ndicho kilichonichelewesha. Mlinzi wa zamu aliiona shingo. Hakuniuliza. Alinitazama mara moja tu, akageuka, akawaita wenzake wawili, wakaenda moja kwa moja kwa Kinyozi, kwa sababu kila mtu anajua nilimvunja vidole na ana kisa nami. Walimtoa nje wakamlaza kifudifudi. Walimpiga nyayo kwa mpira wa maji.

Nilikuwa nimeshika nondo za mlango, nikapiga kelele: "Si yeye! Hakunigusa! Ni tunda!" Walicheka. Mmoja akaniambia, "Usimwogope, mzee, sema tu ukweli." Nikapiga kelele tena: "Ni dada yangu, ana mkono wa tunda!" Wakazidi kucheka na kuzidi kupiga. Kinyozi alikuwa akiniangalia mimi, si wao. Alikuwa anasubiri nipate neno litakalowasimamisha, na mimi kila neno nililokuwa nalo lilikuwa la kweli na halikufaa kitu. Mwisho hakuangalia tena.

Yuko zahanati. Mguu mmoja wanasema utakatwa vidole.

Nilimtembelea. Nilitaka kupiga magoti, akaniambia, "Acha maonyesho, nipe maji." Nikampa. Akaniuliza, "Kwa hiyo kweli lipo hilo tunda?" Nikasema lipo. Akasema, "Na shemeji yako alikuwa anafanya nini siku ile?" Nikamwambia alikuwa anakaza kitanda cha mtoto. Akanywa maji yake.

Sisimizi, nimeandika upya maelezo yangu. Wakili kanikasirikia, anasema nimeikata kamba mwenyewe. Nimesema: hakumkaba, sikuuliza, nilimpiga nikitaka afe. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kuliandika, na ndilo kweli kuliko yote. Sikuwa nampiga yeye tangu pigo la pili, lakini aliyekuwa chini ya spana alikuwa yeye.

Nusu uliyoniuliza ilikuwa yangu.

Usiseme chochote cha kunisaidia. Sema cha kwako.

Kaka yako

*

23 Mei

Kaka yangu,

U mzima? Nilikuona umekonda shingo ya shati. Sisi wazima. Mkubwa amesema neno jana, la kwanza tangu siku ile. Amesema "sitaki". Nilimpa kila kitu, nacho akakikataa, tukacheka hadi mtoto akalia.

Miaka saba. Nilidhani itakuwa kumi na mbili. Hakimu alisema umejieleza kama mtu mzima, na pia alisema mtu mzima huuliza kabla ya kupiga. Mama hakuniaga, lakini wakati wa kutoka alinipokea kichanga, akambeba hadi kituo cha basi bila kunitazama. Nimempokea hivyo hivyo.

Hukubaki kusikia mwisho, walikuwa wameshakushusha. Hakimu alimwuliza shemeji yako kama aliwahi kunipiga. Mimi nilikuwa nimeshasimama na kusema kibao cha mwaka jana, siku, saa, na mahali nilipokuwa nimesimama. Nilikuwa nimemtetea mbele ya mama yangu, mbele ya polisi, mbele ya shoka la ndugu zake. Akafungua lile taya lake, akasema waziwazi, "Sijawahi kumgusa mke wangu hata kwa ukucha."

Nje aliniambia, "Haya yamekwisha, twende nyumbani." Nikamwambia, "Rudi ndani useme kile kibao, ndipo twende." Akacheka, jicho moja. Akanishika mkono kuniongoza. Nikautoa.

Nimehamia chumba cha nyuma kwa Mama Chupa, mimi na watoto. Ndugu zake walikuja juzi, wamekuta watu wanane wa kiwandani wamekaa barazani na visu vya kukunia. Wakaondoka wakitukana. Watarudi, na sisi tutakuwepo.

Utakapotoka, mkubwa atakuwa na miaka kumi na mmoja. Atakukumbuka na spana. Hilo sitamfuta, na usiniombe nimfute. Utamweleza mwenyewe, kwa mdomo wako, na atakachokujibu utakipokea.

Nitakuja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nimekukasirikia, kaka, bado nimekukasirikia sana, na nitakuja nikiwa hivyo hivyo. Vaa sweta nililokuachia langoni, kifua chako hakipendi baridi.

Mdogo wako,
Sisimizi